Masijala inapohamia mawinguni

MAKALA MAALUMU
Na Mwandishi Wetu

Kompyuta ya katibu muhtasi ilifunikwa kitambaa cheupe kilichodariziwa maua, kama televisheni ya sebuleni. Kila asubuhi alikikunja mara nne, akakiweka kwenye droo, akawasha mashine na kusubiri barua pepe za ofisi zishuke. Zilishuka zote hapo, kwenye mashine hiyo moja, kwa miaka tisa.

Siku ilipogoma kuwaka, mkaguzi wa hesabu alikuwa ameshafika. Alikaa kwenye kiti cha wageni, faili mapajani, akisubiri kitu kimoja tu: barua ya mfadhili iliyoruhusu fedha za kifungu kimoja cha bajeti zihamishiwe kingine. Barua ilikuja kwa barua pepe. Hakuna aliyeichapa kwenye karatasi.

Diski ikapelekwa kwa fundi Kariakoo. Siku ya nne ikarudi na nusu ya vilivyokuwemo. Barua za miaka ya mwanzo zilisomeka. Za miaka mitatu ya mwisho, ile ya mfadhili ikiwemo, zilikuwa zimeharibika.

Nilikuwepo katika ofisi hiyo ya Dar es Salaam, na kwa heshima ya waliokuwa wakiifanyia kazi sitaitaja. Wiki mbili baadaye bodi ilikaa ikapitisha azimio la mstari mmoja: ofisi ihamie kwenye wingu. Ofisa Tehama aliagizwa akamilishe kabla ya mwisho wa mwezi. Hakuna mjumbe aliyeuliza nini kinahama, kinakwenda wapi, wala nani atabaki na funguo.

Azimio kama hilo linapitishwa katika ofisi nyingi, kuanzia vyama vya akiba na mikopo, shule na hospitali hadi kampuni za usafirishaji. Bodi nyingi zinalichukulia kama ununuzi wa kifaa kipya. Mimi naliona kuwa ni kuhamisha masijala, na anayehamisha masijala bila kuhesabu majalada atakuja kuulizwa lililopotea.

Kupanga chumba kwa mwenye nyumba mkubwa

Neno wingu limewapoteza wengi. Barua pepe na mafaili ya ofisi iliyohama hayako angani. Yako kwenye majengo makubwa yaliyojaa seva, yenye viyoyozi, jenereta na walinzi, na wewe unalipa kila mwezi kutumia sehemu yake.

Aliyewahi kupanga chumba Dar es Salaam ataelewa haraka. Mwenye nyumba anatengeneza paa, analipa mlinzi wa getini na kuzibua mabomba. Vitu vilivyomo chumbani ni vya mpangaji. Funguo akimgawia kila anayepita, kisha redio ikaibwa, hawezi kumdai mwenye nyumba.

Google ilianza kuzipa ofisi huduma ya namna hii mwaka 2006. Microsoft ikafuata na Office 365 Juni 2011, ambayo leo wengi wanaijua kwa jina la Microsoft 365. Huko zilikoanzia, intaneti ya haraka ilikuwa imeshazoeleka. Kwetu hali ilikuwa nyingine.

Mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi Julai 2009, na wa EASSy mwaka uliofuata. Kabla ya hapo tulitegemea satelaiti, kwa gharama kubwa na kwa mwendo wa kinyonga. Ndiyo maana mafundi wa wakati ule waliziwekea ofisi utaratibu wa kushusha barua zote kwenye kompyuta moja na kuzifuta kule zilikotoka. Ulikuwa uamuzi wa busara kwa hali ya siku hizo. Shida ni kwamba mikongo ilipofika, utaratibu haukubadilishwa. Kompyuta yenye kitambaa cha maua ilikuwa ikifanya kazi ya mwaka 2005.

Jumapili mtandao ulipolala

Wanaopinga kuhama wana hoja nzito, na si haki kuwaita watu wa zamani.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Miezi michache kabla, mikongo ya Bahari ya Shamu nayo ilikuwa imekatwa, kwa hiyo njia za kuzungukia zilikuwa chache. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam ulisitisha huduma kwa umma tarehe 14 na 15 Mei kwa sababu ya mtandao.

Ofisi yenye seva yake ndani iliendelea kufungua mafaili yake na kutumiana barua kati ya chumba na chumba. Ofisi iliyohamia kwenye wingu bila kujiandaa ilikaa ikitazama duara likizunguka kwenye kioo.

> Mikongo miwili ilikatika Jumapili. Jumatatu kila ofisi ilijua mafaili yake yanalala wapi.

Wanaotaka kuhama nao wana tarehe zao. Tarehe 2 Machi 2021 Microsoft ilitangaza kwamba programu yake ya Exchange, ile inayoendesha barua pepe kwenye seva za ofisi, ilikuwa na matundu na wadukuzi walikuwa wameshaanza kuyatumia. Makumi ya maelfu ya seva duniani yaliingiliwa. Mamlaka ya Benki ya Ulaya ililazimika kuzima mfumo wake wa barua pepe. Waliokuwa kwenye huduma ya wingu ya kampuni hiyohiyo hawakuguswa na matundu hayo.

Fikiria sasa ofisi yenye ofisa Tehama mmoja, anayetengeneza pia printa na kufunga projekta ya mkutano. Itokee usiku wa manane kwamba kuna kiraka cha usalama cha kuweka kabla ya alfajiri. Atajuaje? Na akijua, nani atampa gari?

Isitoshe, muda umewaishia wenye seva za zamani. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuzihudumia Exchange 2016 na Exchange 2019. Seva hizo zinaendelea kuwaka, na ndiyo hatari yake: inayowaka huonekana nzima.

Hata hivyo mwenye nyumba mkubwa naye huibiwa. Mwaka 2023 wadukuzi wanaohusishwa na China walitumia ufunguo wa Microsoft kufungua barua pepe za taasisi 22 na watu zaidi ya 500, akiwemo waziri wa biashara wa Marekani wa wakati huo, Gina Raimondo. Bodi ya serikali ya Marekani iliyochunguza ilisema Aprili 2024 kwamba uvamizi huo ungeweza kuzuiwa. Wa kwanza kuugundua walikuwa wizara ya mambo ya nje ya nchi hiyo, kwa sababu walikuwa wakilipia kumbukumbu za kina za nani ameingia na lini, na walikuwa na watu wa kuzisoma.

Kwa maoni yangu, ofisi ndogo na za kati za kwetu ziko salama zaidi zikihama kuliko zikibaki na seva chini ya ngazi. Nasema hivyo baada ya kuona kabati za seva zenye vumbi, na betri za akiba zilizokufa zamani bila mtu kujua mpaka umeme ukatike. Lakini usalama huo unapatikana kwa aliyejipanga. Asiyejipanga anabeba hatari za kule alikotoka na za kule alikokwenda.

Los Angeles walivyokwama

Mwaka 2009 jiji la Los Angeles liliamua kuwahamisha wafanyakazi wake wapatao 30,000 kwenda huduma ya Google, kwa mkataba wa dola milioni 7.25.

Idara nyingi zilihama. Polisi hawakuhama. Kanuni za shirika la upelelezi la FBI juu ya kumbukumbu za makosa ya jinai zilikuwa na masharti ambayo huduma ile haikuweza kuyatimiza. Baada ya mivutano ya miaka miwili, Desemba 2011 baraza la jiji lilibadili mkataba na kuwaacha polisi na idara nyingine za sheria, watu takriban 13,000, kwenye mfumo wa zamani.

Kanuni hizo hazikuzuka katikati ya safari. Zilikuwepo kabla mkataba haujasainiwa. Jiji lenye wanasheria wa kutosha lilisaini kwanza, likaja kupima masharti baadaye.

Swali hilohilo la masharti ya sheria liko mezani kwetu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Tanzania Mei 1, 2023, na Tume ya kuisimamia ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Sheria inazitaka taasisi zinazokusanya na kuchakata taarifa za watu zijisajili, na inaweka masharti ya kusafirisha taarifa hizo nje ya nchi. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019 yenye masharti ya aina hiyo.

Vituo vikubwa vya wingu vilivyo karibu nasi vipo Afrika Kusini. Microsoft ilifungua vyake mwaka 2019, Amazon ikaja Cape Town 2020 na Google ikafungua Johannesburg 2024. Kwa hiyo zahanati inayohifadhi majina ya wagonjwa, au SACCOS yenye mishahara na madeni ya wanachama, ikihama inazivusha taarifa hizo mpaka. Mwanasheria aitwe kabla ya mkataba. Na mtoa huduma aulizwe kwa maandishi: taarifa zetu zitakaa nchi gani?

Taasisi za umma zina njia yao. Serikali ina mfumo wake wa barua pepe unaosimamiwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao, chini ya sheria yake ya mwaka 2019.

Kuhesabu majalada

Karani wa masijala wa zamani alikuwa na daftari la majalada. Kila barua iliyoingia ilipewa namba ya folio, jalada likitoka linaandikwa limekwenda kwa nani. Ukimwambia ahamie jengo jipya, kitu cha kwanza angefungua daftari lile.

Ofisi inayohama ianzie hapo. Ina anwani ngapi za barua pepe? Ngapi za watu walioko, ngapi za walioondoka? Ile ya maulizo na ile ya uhasibu nywila zake wanazijua watu wangapi? Nimeona anwani ya uhasibu ambayo nywila yake waliijua watu sita, wawili kati yao wakiwa wameshaacha kazi. Anwani ya namna hiyo ndiyo matapeli wanayoiombea, waandike barua yenye jina la ofisi wakiomba malipo yaingizwe kwenye akaunti mpya ya benki.

Kisha vitafutwe vilivyofichika. Mashine ya kuskani inayotuma nyaraka kwa barua pepe. Mfumo wa mishahara unaotuma hati za malipo kila tarehe 25. Fomu ya tovuti. Vyote hivi vinatuma kupitia seva ya zamani, na siku ikizimwa vinanyamaza bila kupiga kelele. Mfanyakazi wa kwanza kugundua huwa ni yule anayesubiri hati ya mshahara akaombe mkopo benki.

Baada ya hapo ipigwe hesabu ya mzigo. Chukua ofisi ya watu 60, kila mmoja ana barua za gigabaiti 5. Jumla ni gigabaiti 300. Kama mtandao wa ofisi unapandisha megabiti 10 kwa sekunde, mzigo huo utachukua karibu saa 67 za mfululizo, usiku na mchana, bila mtu mwingine kugusa intaneti. Ofisini hakuna siku kama hiyo. Ukiachia usiku tu, saa 8 kila siku, ni zaidi ya wiki moja. Aliyepewa mwisho wa mwezi bila hesabu hii amepewa adhabu.

> Gigabaiti 300 kwa kasi ya megabiti 10: saa 67 mfululizo, na hapo hakuna mwingine anayetumia mtandao.

Dawa yake si ngumu. Barua za mwaka wa karibuni zitangulie, za zamani zifuate taratibu usiku. Na mafaili ya barua yaliyolala kwenye kompyuta za watu yakusanywe kwanza, kwa sababu hayo hayamo kwenye seva na hakuna chombo kitakachoyahamisha yenyewe. Mafaili ya Outlook ya matoleo ya zamani yaliweza kuharibika yalipofika gigabaiti 2, kwa hiyo yasibebwe bila kupimwa.

Usiku wa kugeuza kibao

Kugeuza njia ya barua kwenyewe kunafanyika kwa dakika chache. Kila kikoa, yaani jina la ofisi kwenye mtandao linalokuja baada ya alama ya @, kina rekodi inayoitwa MX. Ni kibao cha njia panda kinachoiambia dunia barua za ofisi hii zipelekwe seva gani. Siku ya kuhama kibao kinageuzwa kielekee kwa mtoa huduma mpya.

Dunia huwa inakumbuka kibao cha zamani kwa muda uliowekwa kwenye rekodi. Ukiwa umewekwa sekunde 86,400, kuna barua zitakazoendelea kwenda kulekule kwa siku nzima. Mtaalamu makini huupunguza muda huo hadi sekunde 300 siku mbili kabla, anageuza kibao Ijumaa jioni, na seva ya zamani anaiacha ikiwaka wiki kadhaa ili ipokee zinazopotea njia.

Usiku huohuo kuna rekodi nyingine za kuandika, SPF, DKIM na DMARC. Kazi yake ni ya muhuri na sahihi: zinamhakikishia mpokeaji kwamba barua imetoka ofisini kwako kweli. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanawataka wanaotuma barua nyingi wawe nazo zote. Asiyeziweka atashangaa barua zake kwa wateja zinaangukia kwenye taka.

Kisha watu. Hapa bajeti za ofisi nyingi huandika sifuri. Mhasibu aliyetumia programu moja kwa miaka kumi na tano anaamka Jumatatu anakuta kila kitufe kimehama. Akikosa wa kumwonyesha, atafanya linalowezekana: atatuma hati kwa WhatsApp kutoka simu yake binafsi. Hapo masijala imevunjika tena, safari hii ndani ya simu za watu ambazo ofisi haina haki ya kuzifungua. Saa mbili za mafunzo kwa kila idara, na mtu wa kuzunguka meza kwa meza wiki nzima ya kwanza, ni gharama ndogo kuliko hiyo.

Uthibitisho wa hatua mbili uwashwe kwa kila mtu siku ya kwanza, akianzia mkurugenzi. Viongozi ndio huomba waachwe, wakati anwani zao ndizo zinazotafutwa zaidi.

Na wingu lisidhaniwe kuwa chelezo. Kwa Microsoft 365, akaunti ya aliyeondoka ikifutwa, barua zake zinabaki siku 30. Kwa Google, akaunti iliyofutwa inaweza kurudishwa ndani ya siku 20. Mkaguzi anayekuja mwaka unaofuata hatazikuta. Nakala nyingine ya kujitegemea inahitajika, sawa na zamani tulivyoweka nakala ya hati ya kiwanja kwa mjomba. Pia laini ya pili ya mtandao, ya kampuni nyingine, yenye njia nyingine. Mei 2024 imeshatufundisha.

Kodi ya kila mwezi

Mwaka 2025 kifurushi cha kuanzia cha Microsoft 365 kilikuwa kikiuzwa takriban dola 6 kwa mtu kwa mwezi. Kwa watu 60 ni dola 4,320 kwa mwaka, na VAT ya asilimia 18 ikiingia inafika karibu dola 5,100. Seva ililipiwa mara moja ikasahaulika. Kodi hii haisahauliki, na mwenye nyumba anaweza kuipandisha. Januari 2022 Google ilitangaza kuziondolea ofisi huduma yake ya bure zilizokuwa zikiitumia tangu zamani. Mwaka 2025 Microsoft nayo ilipunguza leseni za bure ilizokuwa ikiyapa mashirika yasiyo ya kibiashara.

Kwa hiyo mkataba useme pia namna ya kuondoka. Inawezekana: jimbo la Schleswig-Holstein la Ujerumani lilikamilisha Oktoba 2025 kuhamisha visanduku vya barua zaidi ya 40,000 kutoka kwenye mfumo wa Microsoft kwenda programu huria. Lilipata malalamiko ya watumishi njiani, lakini liliweza kuhama kwa sababu lilikuwa na mamlaka juu ya vitu vyake.

Mamlaka hayo yanaanzia kwenye kikoa. Nchini, vikoa vya .tz husajiliwa kupitia wasajili walioidhinishwa, kwa jina la mtu au taasisi. Ofisi nyingi kikoa chao kilisajiliwa na kijana aliyetengeneza tovuti, kwa jina lake na barua pepe yake. Alishalipwa, alishaondoka, pengine alishahama mji. Siku ya kugeuza kibao ndiyo siku atakapotafutwa, na yeye ndiye mwenye ufunguo.

Ndivyo ilivyokuwa kwa ofisi ile ya kitambaa cha maua. Leseni zilikuwa zimeshalipiwa. Ofisi ilikaa wiki saba ikilipia huduma isiyoweza kuitumia, hadi aliyesajili kikoa alipopatikana Mwanza na kukubali kusaini fomu ya kukikabidhi.

Msomaji, kama ofisi yako inafikiria kuhama, kabla ya kuagiza leseni hata moja ulizeni kikoa kimesajiliwa kwa jina la nani, na jibu liwekwe kwenye kumbukumbu za kikao cha bodi.